Dogo katupia 30 Summer League, tushangilie au tutulie?

Kila Julai ni yale yale, klipu zinaanza kuzunguka kwenye magrupu, dogo fulani katupia pointi 30 kule Las Vegas kwenye Summer League, zile mechi za kiangazi ambazo timu za NBA, ligi kuu ya kikapu Marekani, zinajaribia vijana wao, na kabla hujamaliza kuiangalia mtu kashaandika "huyu moto, mtamkoma msimu huu". Kesho yake dogo aliyechaguliwa namba moja kwenye drafti, pale timu zinapopokezana kuchagua wachezaji wapya, anakosa mitupo kumi na kitu na watu wale wale wanasema hamna mchezaji pale. Mimi naona kambi zote mbili zinakimbilia pointi kabla ya kujiuliza huyo dogo ana umri gani na pale Vegas alikuwa anatafuta nini.

Kwanza hizi mechi zenyewe sio NBA ile tunayokesha nayo. Zinachezwa dakika 40 badala ya 48, unatolewa kwa faulo ya 10 badala ya ya 6, timu zimefanya mazoezi siku chache tu, na wengi waliopo uwanjani hawana mkataba wa uhakika. Sasa mtu ambaye hana mkataba ukimpa mpira unadhani atakupasia? Anataka aonekane, makocha na mameneja wa timu zote wamekaa pale, wamo mpaka watu wa klabu za Ulaya, kwa hiyo anatupa.

Mfano ninaoupenda mimi ni Salt Lake City, ambako nako kuna Summer League, Julai 2018. Atlanta walikuwa wametoka kumuachia Luka Dončić aende Dallas ili wao wamchukue Trae Young, yaani mashabiki wao walikuwa tayari na presha, na mechi ya kwanza kabisa Trae anatupa mara 20 zinaingia 4, na zile za pointi tatu akapata 1 kati ya 11. Upande wa pili Jaren Jackson Jr. wa Memphis siku hiyo hiyo anamaliza na pointi 29, mitupo 8 ya pointi tatu imezama. Ukimwambia mtu aliyetoka kuangalia hiyo mechi akutabirie, angekuambia Trae ni hasara na Jaren ni mdunguaji wa masafa. Kilichotokea, Trae alimaliza msimu wake wa kwanza na wastani wa pointi 19 akawa wa pili kwenye kura za ruki bora, yaani mchezaji bora kati ya wageni wa msimu, nyuma ya huyo huyo Luka ambaye Summer League hata hakucheza, na Jaren tuzo kubwa aliyokuja kubeba ni ya beki bora wa ligi mwaka 2023. Mechi ile ilitudanganya kote kote.

Lakini sasa usiende mbali ukasema basi haina maana, hapo ndipo nisipokubaliana na wale wa "Summer League ni bonanza tu". Rudi kwa Victor Wembanyama, yule mrefu wa San Antonio, 2023. Mechi ya kwanza dhidi ya Charlotte mitupo 13 imeingia 2, pointi 9, mitandao ikachafuka. Ila mechi hiyo hiyo alikuwa na ribaundi 8 (mipira aliyoidaka baada ya mtupo kukosa) na bloku 5 (mitupo aliyoizuia). Mtupo unakuja na kuondoka, miguu mizito, uwanja mgeni, presha, lakini mkono ule unaofika sehemu ambayo wengine hawafiki hauna siku mbaya. Mechi ya pili akaweka 27 na ribaundi 12, timu ikampumzisha, na msimu ulipoisha akawa ruki bora kwa kura zote. Cooper Flagg wa Dallas, namba moja wa drafti ya 2025, vivyo hivyo, ana miaka 18 tu wakati huo, dhidi ya Lakers anaingiza 5 kati ya 21, mwenyewe akasema ni moja ya mechi zake mbovu kabisa, lakini ukiangalia karatasi ya takwimu ana ribaundi 6, asisti 4 (pasi zilizozaa kikapu), kaiba mipira 3 na Dallas wameshinda 87-85. Mechi iliyofuata akapiga 31. Kwa hiyo mimi bloku, ribaundi na maamuzi naviamini mapema, mitupo naipa muda.

Na umri jamani. Mtu wa miaka 22 au 23 ambaye kashacheza msimu mzima NBA akirudi pale kuwafunga watoto, hiyo ndio kazi yake, asipofanya hivyo ndio tuwe na wasiwasi. Mwaka 2012 tuzo ya MVP, mchezaji bora, pale Vegas waligawana wawili, Damian Lillard aliyekuwa ndio kwanza anaingia, na Josh Selby aliyekuwa ameshamaliza msimu mmoja. Lillard akawa ruki bora, Selby mwaka uliofuata hakuwa tena NBA. Ila kuna wengine mechi moja pale inabadilisha maisha, Jeremy Lin 2010 hakuchaguliwa kwenye drafti, akakabana na John Wall aliyekuwa namba moja, na baada ya hapo Warriors wakampa mkataba.

Kwa sisi wa huku macho yapo kwa Khaman Maluach, Msudan Kusini aliyekulia Uganda na kuanzia mpira huko, akaichezea City Oilers kwenye BAL, ligi ya kikapu ya Afrika, Olimpiki ya Paris akiwa na miaka 17, chuo cha Duke Marekani, afu namba 10 kwenye drafti ya 2025 na kutua Phoenix. Watu wanamhukumu kwa pointi wakati senta, yule mrefu wa karibu na kikapu, kwenye Summer League anategemea pasi za magadi, wale wachezeshaji ambao, kama nilivyosema, hawapasii. Na Watanzania tuna kidonda chetu, Hasheem Thabeet alikwenda namba 2 mwaka 2009, mbele ya James Harden na Stephen Curry waliokuja kuwa mastaa, na msimu wake wa kwanza haujaisha Memphis wakampeleka ligi ya chini. Urefu alikuwa nao kuliko karibu wote. Kwa hiyo kwa Maluach mimi simuulizi pointi kabisa, nataka kuona zile faulo 10 zikirudi kuwa 6 atadumu uwanjani muda gani, akicheza dakika 20 dhidi ya wakubwa bila kufika faulo ya nne, hapo njooni tuongee.