Mbeleko ipimwe kwa mdomo wa mtoto

Mtoto wa miezi minne hivi, ukimfunga kifuani, hakawii kulipata pindo la kitambaa. Atalitia mdomoni, alifyonze mpaka lilowe, alitafune kwa fizi, na mama hatamkataza maana angalau amenyamaza. Mimi ni mtia rangi wa batiki hapa Dar es Salaam, na pindo hilo lililolowa mate ndilo lililonifanya niitazame kazi yangu upya.

Mwaka juzi wifi yangu anayeishi Ujerumani alikuja likizo na kitani cheupe, mita nne na nusu na ushee. Akaniambia, "Wifi, nitilie buluu, ikolee upande huu, ififie mpaka iishie nyeupe kule." Alikuwa mjamzito, alitaka mbeleko. Kule wanaotumia ni wengi. Kampuni ya mbeleko ya Didymos ilianzia hukohuko mwaka 1972, baada ya Erika Hoffmann kuwabeba mapacha wake kwa kitambaa cha Mexico. Marekani nako, Ann Moore, muuguzi aliyekuwa amekaa Togo na kuwaona akina mama wa huko na watoto mgongoni, ndiye aliyeanzisha kibebeo cha Snugli. Wapo wanaoudhika wakisikia habari hizi. Mimi siudhiki. Sisi wa pwani mbeleko tunayo mpaka kwenye mahari: kuna mkaja, kuna ubeleko, na vyote viwili ni haki ya mama aliyemzaa bibi harusi. Heshima hiyo hakuna wa kutunyang'anya.

Ninachokikataa ni hiki: mafundi wenzangu wameanza kuuza batiki ileile ya gauni kwa jina la mbeleko.

Kitani kwanza. Kikiwa kipya ni kigumu kama turubai, unaweza kudhani umeuziwa kitambaa cha kiti. Kifue, kikamue, kifunge kila siku, kitalainika chenyewe. Hakivutiki ovyo, kwa hiyo mtoto mzito haporomoki taratibu mpaka kiunoni, na kinanyonya jasho, jambo kubwa kwa joto letu la Januari. Ila usikikunje na kukipiga pasi palepale kila mara. Uzi wake huchoka kwenye mkunjo, na siku moja utakatika.

Rangi ndiyo penye mambo. Kitani cha wifi nilikitia kwa rangi zangu za kawaida, zile za kostiki na haidro, kemikali kali za kuyeyushia rangi. Kilitoka kizuri mno. Nikakisuuza mara tatu kama ninavyosuuza shuka, nikakianika. Jioni, sijui nini kilinituma, nikachukua leso nyeupe, nikailowesha maji ya vuguvugu, nikasugua pindo. Leso ikawa buluu. Nikakaa pale kwenye kibao changu nikiitazama. Rangi ile ingekuwa kwenye ulimi wa mtoto wa kaka yangu. Na kostiki tunaijua wenyewe inavyofanya vidole vyetu.

Niliacha kila kazi siku mbili. Nikasuuza, nikachemsha kwa sabuni, nikasuuza tena, maji ya mwisho nikayatia siki kidogo. Niliacha pale tu maji kwenye beseni jeupe yalipobaki kama yalivyotoka bombani na leso ikabaki nyeupe. Buluu ilipungua kukolea, na wifi aliipenda hivyohivyo. Tangu hapo, kwa mbeleko natumia rangi zinazoshikana na uzi kwa magadi, nazo pia hazitoki kwangu kabla ya kuchemshwa. Rangi ya nili siitii kabisa, ingawa naipenda kuliko rangi zote; hukaa juu ya uzi na kusuguka, unaikuta mpaka shingoni mwa mtoto. Rangi ya dhahabu ya kupaka juu, ile inayong'aa kwenye magauni ya sherehe, kwenye mbeleko sitaki hata kuisikia. Nta ya kuchorea batiki nayo itolewe yote.

Najua kazi hii inakula maji, na maji ya mjini tunayanunua kwa ndoo. Basi bei ipande. Mteja akielezwa sababu, analipa.

Jambo jingine tuwaambie wateja bila kuona haya: mtoto aonekane uso, kidevu chake kisigusane na kifua chake. Mwaka 2010 tume ya usalama wa bidhaa ya Marekani ilitoa onyo kuhusu mbeleko, hasa kwa wachanga wasiofikisha miezi minne, kwa sababu ya kukosa hewa. Anayeuza kitambaa bila kuonyesha namna ya kukifunga ameuza nusu.

Ukienda kununua, kwangu au kwa fundi yeyote, nenda na leso yako nyeupe. Iloweshe, sugua pindo mbele yake. Akikuzuia, rudisha kitambaa mezani uondoke.