Majarida yanaisha Desemba, bajeti yetu inaanza Julai

Mi naona kinachotuumiza zaidi kwenye kulipia majarida ya utafiti wa afya hata sio bei, ni kalenda. Bei inauma kweli, mhasibu akiona invoisi ya dola lazima ashtuke, lakini kwenye bei angalau watu wanapiga kelele, kwenye kalenda hakuna anayesema kitu.

Iko hivi, wachapishaji wengi wanauza Januari mpaka Desemba, serikalini mwaka wa fedha unaanza Julai mosi. Bei za mwakani zinakuja bajeti imeshapita bungeni hapahapa Dodoma, kwahiyo ulikadiria kwa kubahatisha, shilingi nayo ikiteleza pengo ni lako. Bado hujaingia kwenye manunuzi kueleza kwanini huna nukuu tatu za bei, wakati jarida lenyewe anauza mwenye nalo tu! Januari inafika malipo bado yapo mezani kwa mtu, wanakuvumilia kidogo alafu wanakata.

Na ukishakatiwa ndo unajua mkataba ulisemaje. Zamani jarida la karatasi lilibaki kwenye rafu hata usipolipa tena. La mtandaoni, kama hakuna kipengele cha kuendelea kusoma matoleo uliyoshalipia, unaweza kuta miaka yako yote imefungwa. Mimi kipengele hicho nakisoma kabla hata ya bei, na kikikosekana nasema tusisaini.

Kuna wanaosema si Hinari ipo, ule mpango wa kusoma majarida ya afya mtandaoni bure au kwa bei ndogo. Ipo, WHO na wachapishaji waliianzisha 2002 kwa ajili ya nchi kama zetu na imetubeba sana, ila mchapishaji anaingia kwa hiari yake, huwezi kupanga maktaba nzima ya utafiti juu ya hiari ya mtu. PubMed Central, hazina ya mtandaoni ya makala za afya za bure, nayo nzuri, lakini makala nyingine zinachelewa hata miezi 12 kufunguliwa. Pale Hospitali ya Benjamin Mkapa wanapandikiza uloto kwa watoto wenye selimundu, daktari wa kazi hiyo unamwambiaje asubiri mwakani?

Kupunguza vifurushi vikubwa, yaani majarida mengi yanayouzwa kwa pamoja, naunga mkono, Chuo Kikuu cha California pamoja na hela zao waliachana na mchapishaji mkubwa Elsevier 2019 mpaka wakaelewana tena 2021. Ila msikate kwa kuangalia idadi ya waliopakua peke yake jamani, jarida la ugonjwa adimu linaweza kufunguliwa mara chache sana na kila mara ni kwa ajili ya mgonjwa aliyeko wodini.

Kwahiyo COTUL, umoja wa maktaba za vyuo vikuu na utafiti Tanzania, wakikaa na wachapishaji kwa niaba ya maktaba zetu, natamani waanze na tarehe kabla ya punguzo. Mkataba wa miaka mitatu, ongezeko la bei liwe na kikomo kilichoandikwa, na mwaka uanze Julai. Wauzaji wanatutaka kama wateja, waombwe, tena na vyuo vyote kwa pamoja, sio kila mkutubi na barua pepe yake.