Neno langu la siri lilisomwa na kikao kizima

Kabla sijachafuliwa zaidi, naomba niseme mwenyewe. Hiyo habari mnayotumiana tangu jana, kwamba nilitundika barua ya kuacha kazi ukutani mbele ya bosi, ni chumvi ya rafiki yangu. Haikuwa barua. Lilikuwa neno la siri.

Ilikuwa zamu yangu kuwasilisha ripoti. Kishikwambi kilikaa mkobani bila chaji hadi kikafa kabisa. Nikakifufua dakika za mwisho, nikakichomeka kwenye projekta kwa waya, ikabaki waifai tu. Na waifai yetu si ile ya neno moja wanalolijua wote hadi wageni. Ni WPA2 Enterprise, kila mtu na jina lake na neno lake. Nikajaza. "Tatizo la uthibitishaji." Nikajaza tena, jibu lilelile. Nikazima waifai nikawasha, nikausahau mtandao nikaanza upya, nikazima chombo chenyewe. Hata kukiinua hewani nilikiinua, na ruta iko darini juu ya kichwa changu. Msiniulize.

Rafiki yangu (ndiyo, huyohuyo) akapaza sauti: "Si simu yako imeingia kwa neno hilohilo? Basi hapo unakosea kuandika. Bonyeza hicho kijicho uhakikishe."

Sasa hapa twende polepole.

Mfumo wetu hulazimisha kubadili neno la siri kila baada ya muda, tena liwe na herufi kubwa, ndogo, tarakimu na alama. Ukishamaliza majina ya ndugu wote, unaanza kuandika ya moyoni. Nikabonyeza kijicho. Vitone vikageuka herufi:

Desemba31NaachaKazi!

Mimi nimeinamia kishikwambi, ukuta uko mgongoni. Nikaanza kuhakiki kidogo kidogo, tena kwa kunong'ona. D kubwa, ipo. Tatu, moja, zipo. N kubwa, ipo. Nikafika mwisho nikatangaza kwa ushindi: "Mbona liko sawa!"

Kimya. Nikainua kichwa. Hakuna aliyekuwa ananitazama mimi. Wote wanatazama nyuma yangu. Bosi akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akasoma taratibu, kwa sauti, na alipofika mwisho hakuacha kitu: "Alama ya mshangao."

Nikaruka kufunika kwa kiganja. Jamani, nilifunika skrini ya kishikwambi! Ukutani maandishi yametulia, makubwa kama mlango, hayana habari na kiganja changu. (Wewe unayecheka hapo, na lako likae ukutani tuone.)

Kijana wa Tehama akaitwa. Neno la siri hata hakuligusa. Akafungua mipangilio, akanionyesha tarehe: 1 Januari 1970. Chombo kikikauka umeme, saa yake inaweza kurudi huko, ambako kompyuta nyingi huanzia kuhesabu muda. Sasa seva ya waifai hujitambulisha kwa cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kwa kishikwambi kinachoamini kiko 1970, cheti hicho hakijaanza kutumika, kwa hiyo kinakikataa papo hapo. Na ili kijirekebishie tarehe kinataka intaneti, ambayo hakiipati mpaka tarehe iwe sawa. Akaiandika kwa mkono, kikaingia.

Yaani neno langu lilikuwa sahihi muda wote, na kwenye seva wala halikuwahi kufika. Lilifika ukutani tu.

Ripoti niliisoma, hakuna anayeikumbuka. Neno la siri nikaamriwa kulibadili hapohapo, safari hii waya nikiwa nimeuchomoa. Wakati wa kutoka, bosi akasimama mlangoni akaniuliza kwa upole kabisa:

"Desemba hii, au ijayo?"

Nikamwambia ya 1970.