Risasi kwa Baba Shiro

Nilitaka kitu kimoja tu: kuendesha nganya, yaani matatu iliyopambwa, ndani ya GTA San Andreas. Nganya yenye michoro ubavuni na honi ya kuamsha marehemu. Gemu yenyewe ni ya 2004, ya kompyuta ikaja 2005. Diski yangu niliinunua River Road nikiwa kidato cha pili, na laptopu niliyo nayo sasa haina hata tundu la kuiingiza. Nikaazima kifaa cha kusomea diski.

Siku ya kwanza nikaiweka ndani ya Program Files, mahali Windows inapalinda kama geti la mbunge: kila faili unaloligusa, unaulizwa una ruhusa ya nani. Nikaihamishia folda yake pembeni. Siku ya pili nikagundua modi nyingi, yaani nyongeza za mashabiki za kubadilisha gemu, kama hii ya nganya, zinataka toleo la 1.0, lile ambalo faili lake la kufungulia gemu lina baiti 14,383,616, si moja zaidi. Langu lilikuwa la toleo jingine, nikalibadilisha. Siku ya tatu CJ, mhusika mkuu wa gemu, akawa anaogelea kama yuko ndani ya uji, kwa sababu nilikuwa nimezima kizuizi cha fremu, zile picha zinazopita kwenye skrini kila sekunde. Gemu hii ilipimwa kwa fremu 30 hivi kwa sekunde. Ukiipa zaidi inalewa.

Jumamosi saa nne usiku, nganya ikatokea barabarani badala ya basi la Coach. Inang'aa, jamani! Nikabonyeza honi.

Kimya.

Hapo nikajua modi ya honi imeua sauti yote. Nikapandisha sauti hadi 100. Nikaandika LXGIWYL, msimbo wa siri wa gemu, CJ akapata silaha, nikafyatua ovyo kama kipimo. Kimya. Polisi wakaja, helikopta ikaja. Kimya. Nikafunga gemu, nikaifungua tena, nikafyatua tena. Kitu pekee nilichosikia ni vishindo kutoka upande wa pili wa ukuta. Nikasema, huyu Baba Shiro na filamu zake, wenzake tuna kazi. Nikagonga ukuta.

"Punguza bwana!"

Simu ikalia. Nikatoka kwenye gemu ili nishike, nayo ikajisimamisha yenyewe.

"Kijana wangu," Baba Shiro akanong'ona, "uko hai? Lala chini. Wako hapa kwangu sebuleni."

"Nani?"

"Siwaoni. Tuko chini ya kitanda. Wana helikopta. Na wamekuja na matatu."

Macho yakanitua kwenye kona ya skrini, penye alama ya Bluetooth. Nikakumbuka bathdei ya Shiro: mimi ndiye niliyekuwa DJ, laptopu hii hii, spika ya Baba Shiro. Alikuwa ameiwasha asikilize mahubiri ya kesha, laptopu yangu ikamnyang'anya mchungaji.

"Wamenyamaza," akasema.

Nikazima Bluetooth polepole, kama mtu anayerudisha sufuria ya wenyewe. Baada ya muda mchungaji akarudi, nikamsikia kupitia ukutani.

"Wameenda! Mungu ni mkubwa, kijana wangu."

"Amina," nikasema.

Kesho yake alitoa ushuhuda kanisani. Nilikaa kiti cha nyuma kabisa. Ile honi aliiiga vizuri kuliko modi yenyewe.