Mgao wa Afrika Kusini: sifa zigawanywe kwa saa

Machi 26, 2024, Eskom, shirika la umeme la Afrika Kusini, lilisitisha mgao wa umeme. Wachache waliamini. Mwaka uliotangulia ulikuwa mbaya kuliko yote tangu mgao uanze nchini humo mwishoni mwa 2007: siku zaidi ya 300 zenye mgao, na mara nyingi ukapanda hadi ngazi ya 6, yaani watu wanakatiwa kwa zamu ili kupunguza megawati 6,000, gridi nzima isije ikaanguka. Safari hii zikapita wiki, ikapita miezi, uchaguzi wa Mei 29 ukaja ukaondoka, baridi ya Juni na Julai ikaisha, na taa bado zinawaka. Mgao haukurudi hadi Januari 31, 2025.

Hapo ukazuka ugomvi wa sifa. Serikali na Eskom wanasema mitambo imetengenezwa. Wenye nyumba na viwanda wanasema wao ndio waliotoboa mifuko yao wakanunua paneli, inveta na betri, na kilichotokea ni kwamba Eskom imepunguziwa mzigo. Kulikuwa na kundi la tatu lililosema ni dizeli ya kampeni, inachomwa kwenye mitambo ya dharura ili watu wapige kura kwenye mwanga. Hao tuwamalize haraka: dizeli ya kura huisha na kura. Chama tawala, ANC, kikaambulia kama asilimia 40 na kupoteza wingi wake bungeni, na umeme haukukatika.

Watu wa sola hawasemi ovyo. Kwa makadirio ya Eskom yenyewe, sola za juu ya mapaa ya watu binafsi hazikufika megawati 1,000 Machi 2022. Katikati ya 2023 zilikuwa zimepita 4,000, na mwaka uliofuata zikavuka 5,000. Kusile, kituo kipya cha makaa ya mawe kilichojengwa kwa miaka na mabilioni, kimeundwa kutoa 4,800. Giza liliwasukuma watu, na sheria ikawafungulia mlango: mwaka 2021 Rais Ramaphosa alipandisha kiwango cha kuzalisha umeme bila leseni kutoka megawati 1 hadi 100, baadaye kikomo hicho kikaondolewa kabisa, na mwaka 2023 ukaja unafuu wa kodi kwa wanunuzi wa paneli.

Lakini tazama saa. Umeme wa Afrika Kusini hubanwa zaidi jioni, kuanzia saa kumi na moja hadi saa tatu usiku, watu wanapopika na kuoga maji ya moto. Saa mbili usiku paneli ni kioo tu juu ya paa. Kama sola peke yake ndiyo ingemaliza mgao, mchana ungepona na usiku ungebaki vilevile. Usiku nao ulipona. Hapo lazima turudi kwa mitambo: vinu vitatu vya Kusile, vilivyozimwa baada ya bomba la moshi kuporomoka Oktoba 2022, vilirudi mwishoni mwa 2023 na kuleta zaidi ya megawati 2,000. Uwezo wa mitambo ya Eskom kupatikana kazini, uliokuwa karibu asilimia 55 mwaka 2023, ukapanda hadi kama asilimia 60 mwaka 2024.

Kwangu mimi, pande zote mbili zinasahau kwamba mtambo hautengenezwi ukiwa unakimbia. Lazima uuzime, na usipokuwa na akiba, kuuzima ni kuongeza mgao. Miaka mingi Eskom iliendesha vinu vilivyochoka kwa sababu haikuweza kuvipumzisha. Sola ya mchana ilisaidia kuipa nafasi hiyo. Tena kuna Ingula, kituo cha umeme wa maji kwenye milima ya Drakensberg, megawati 1,332: kukiwa na ziada, maji husukumwa hadi bwawa la juu; jioni huachiwa yashuke yazungushe mitambo. Mzigo ukipungua adhuhuri, bwawa la juu hujaa bila kuchoma dizeli nyingi. Kwa njia hiyo jua la saa sita linachangia kuwasha taa ya saa moja usiku, ingawa mwenye paneli hajui.

Kipimo kilikuja usiku wa kuamkia Februari 23, 2025. Ni kiangazi, paneli zimejaa mapaani. Vinu vya Majuba na Camden, vituo vya makaa ya mawe, vikazima mfululizo, na kabla hakujapambazuka nchi ikawa ngazi ya 6. Basi sola ni mto wa kuegemea; kitanda bado ni makaa ya mawe.

Sisi wa Tanzania hatukuhitaji mjadala huu. Mgao wetu wa mwanzoni mwa 2024 ulipungua mitambo ya bwawa la Nyerere ilipoanza kuingia kwenye gridi, na kila mtu alijua wa kumshukuru. Afrika Kusini nafuu imetoka kwa wengi, na gharama haikugawanywa sawa. Mwenye nyumba kubwa ya Sandton akinunua umeme kidogo, manispaa, inayonunua umeme kwa Eskom na kuwauzia watu, inapoteza pesa iliyokuwa ikisaidia kufidia huduma za wasio nacho, na kufikia mwishoni mwa 2024 manispaa zilikuwa zinadaiwa na Eskom zaidi ya randi bilioni 90. Bei ilipanda zaidi ya asilimia 18 mwaka 2023, na zaidi ya 12 mwaka 2024. Simlaumu aliyenunua paneli. Alikuwa anaokoa friji yake.

Ila kuna mitaa, Soweto ikiwemo, inayokatiwa asubuhi na jioni kwa sababu transfoma zimezidiwa na nyaya za vishoka. Eskom inaliita jambo hilo kwa jina jingine, si mgao. Zile siku 300 zilipohesabiwa, giza lao halikuwemo.