Mgeni, jembe na pesa za kaya maskini

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sijawahi kukaa kwenye mjadala wa pesa za TASAF, mfuko wa serikali ya Tanzania unaozipa pesa kaya maskini, uwe wa kijiweni au wa ukumbini, methali hii ikakosa kutajwa kabla chai haijapoa. Anayeitaja huwa anaona amemaliza kesi. Mtu akipewa pesa asizozitolea jasho atabweteka, mume atazimalizia kilabuni, na mwakani watarudi pale pale mkono umenyooshwa. Bora apewe mbegu, mbuzi, cherehani, mafunzo, chochote ilimradi si noti.

Nilikaa upande huo kwa muda mrefu, na sijauhama wote. Kuna hoja zake ambazo watetezi wa uhawilishaji fedha, yaani kuwapa maskini pesa mkononi, huzikwepa, nami nitazifikia. Lakini ipo takwimu moja kutoka Siaya, magharibi mwa Kenya, ambayo tangu nilipoisoma imenifanya niitazame methali yenyewe kwa jicho jingine.

Kisa ni hiki. Kuanzia 2014 shirika la GiveDirectly liligawa pesa vijijini Siaya kwa kaya zilizoishi kwenye nyumba za nyasi. Utafiti uliofuatana na mgao huo ulihusisha vijiji 653, vingine vikipewa na vingine vikiachwa kwa ajili ya kulinganisha, na kaya zaidi ya 10,500 zilipata. Kila kaya ilipokea takriban shilingi 87,000 za Kenya, karibu dola 1,000, kwa M-Pesa: kwanza 7,000, kisha 40,000, kisha 40,000 nyingine. Hakuna semina wala sharti, wala afisa wa kuja kukagua umenunua nini. Kwa kaya hizo zilikuwa karibu robo tatu ya matumizi yao ya mwaka mzima.

Miaka ikapita. Edward Miguel wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na wenzake wakarudi nyumba kwa nyumba kuhesabu watoto waliozaliwa na waliofariki. Matokeo yalitoka 2025: katika kaya zilizopata pesa, vifo vya watoto wasiotimiza mwaka mmoja vilipungua kwa asilimia 48, na vya walio chini ya miaka mitano kwa asilimia 45.

Isome tena hiyo namba. Hapakuwa na chanjo mpya, wala chandarua, wala kampeni ya redio. Ni ujumbe wa M-Pesa ulioingia kwenye simu ya kitochi, na karibu nusu ya watoto ambao wangezikwa hawakuzikwa.

Kilichofanya kazi hiyo ndicho kilichonikalisha chini. Sababu ya kwanza ilitarajiwa: kina mama walikwenda kujifungulia hospitali badala ya nyumbani, kwa kuwa nauli ya bodaboda ilikuwepo na gharama za hospitali zilikuwepo. Ya pili ni kwamba mjamzito alipumzika. Kuelekea kujifungua na katika miezi ya mwanzo ya mtoto, saa za kazi za kina mama hao zilipungua kwa takriban nusu, na hasa zile kazi za nguvu.

Kila aliyekulia kijijini anamjua mwanamke ninayemzungumzia. Msimu wa palizi, mimba ya miezi minane, kanga imefungwa juu ya tumbo. Saa kumi na mbili asubuhi yuko kwenye shamba la mtu kwa kibarua, saa saba ameinama kwenye shamba lake, jioni ndoo ya lita ishirini kichwani na kuni zinamsubiri. Wapita njia wanamsifu, mama mchapakazi. Akijifungua mtoto mdogo kama kifaranga, asifike arobaini, tunasema ni mapenzi ya Mungu. Mwaka wa pesa mwanamke huyo aliliweka jembe chini kwa miezi michache, akala, akalala, mtoto akaishi.

Kwa hiyo ule uvivu tunaouogopa ulikuwepo kweli, na ulipimwa. Wanaosema mtu akipewa pesa hupunguza kazi hawakukosea kabisa. Ila ukiuliza ni nani aliyepunguza, lini na kwa ajili gani, lawama inakosa pa kukaa. Na sisi tuliokuwa tukisisitiza apewe jembe hatukujiuliza kama huyo mgeni alikuwa na mimba.

Hata hivyo matokeo hayo hayo yana sehemu inayowapa wapinzani nguvu, na si haki kuipita kimya. Watoto waliookolewa zaidi ni wale ambao familia zao zilikaa karibu na kituo chenye daktari, mwendo usiozidi kama nusu saa. Kwa walio mbali, faida ilikuwa ndogo. Tena malipo yalipokwisha, vifo vilirudi kuelekea vilikokuwa mwanzo. Maana yake pesa ilinunua njia ya kufika kwenye huduma iliyokwisha kujengwa na mtu mwingine, serikali au misheni. Anayetaka bajeti ya zahanati ikatwe ili watu wagawiwe pesa, Siaya haimsaidii. Ninamuunga mkono mpinzani hapa bila kusita.

Hoja ya kilabu cha pombe haihitaji muda. Watafiti David Evans na Anna Popova walikusanya tafiti 19 kutoka mabara mbalimbali, na kwa ujumla hawakuona matumizi ya pombe na tumbaku yakiongezeka kwa sababu ya pesa hizi. Yupo jirani yako aliyelewea pesa zake, simkatai. Mimi pia namjua wa kwangu. Alikuwa akilewa kabla.

Bei ndiyo hoja nzito zaidi. Mwaga pesa kijijini, mayai yapande, asiyepewa aumie. Ufilipino lilitokea jambo la namna hiyo. Kwenye vijiji vya mbali ambako kaya nyingi zilikuwa kwenye mpango wa ruzuku, vyakula visivyokaa, kama mayai na samaki, vilipanda bei, na udumavu ukaongezeka kwa watoto wa majirani ambao hawakuwa kwenye orodha. Siaya mambo yalikwenda kinyume. Bei zilipanda kwa wastani wa asilimia 0.1 tu, na watafiti walikadiria kila dola iliyoingia ilizalisha takriban dola mbili na nusu katika uchumi wa eneo lile. Hata wasiopewa walitumia zaidi, kwa kuwa aliyepewa alimwita fundi, akanyoa kwa kinyozi, akanunua mahindi kwa jirani. Tofauti, kwa maoni yangu, iko kwenye mashine ya kusaga. Mashine ya kijijini huwa imekaa nusu ya siku, mwenyewe anasinzia kwenye kivuli. Wateja wakiongezeka hana sababu ya kupandisha bei, anaamka tu. Kisiwa cha mbali chenye kuku kumi na boti moja kwa wiki hakina wa kuamka. Kwa hiyo kabla ya kugawa, ni vema kujua kijiji kina mashine iliyolala au kina boti moja.

Halafu kuna chuki. Nyumba mbili zinatazamana, moja ya nyasi, nyingine ya bati lililooza. Ya nyasi inapata 87,000, ya bati haipati kitu. Utafiti wa awali wa Rarieda, humo humo Siaya, ulionyesha kwamba jirani anaponeemeka ghafla, kuridhika kwa aliyeachwa hushuka, ingawa baadaye hutulia. Huku kwetu orodha huanzia kwenye mkutano wa kijiji, kisha dodoso, kisha majina yanarudi, na hapo ndipo salamu zinapokatika. Sijaona dawa ya hilo. Zanzibar tangu 2016 wazee wote waliotimiza miaka 70 hupata pensheni bila kuulizwa nyumba yao imeezekwa nini, na hakuna mzee anayemnunia mwenzake kwa kuzaliwa mapema. Lakini huo ni mfuko mkubwa kuliko wa kuchagua maskini peke yao, na anayependekeza uenezwe Bara aseme pesa itatoka wapi.

Na wizi? Watetezi hupenda kusema simu imefuta mikono ya kati. Mwaka 2022, Kivu Kusini huko Kongo, GiveDirectly hao hao waliibiwa takriban dola 900,000, na wezi walikuwemo wafanyakazi wao wenyewe. Kwa sababu ya usalama, utaratibu wa mpokeaji kujisajilia laini yake ulilegezwa, wafanyakazi wakasajili laini na kubaki nazo. Shirika lililitangaza lenyewe. Nasi tunazo kaya hewa zetu, maelfu yake yaliondolewa kwenye madaftari ya TASAF baada ya uhakiki. Mkono wa kati haufutiki, unahama tu. Hata hivyo sijasikia mtu akidai mbolea ya ruzuku ifutwe kabisa kwa kuwa vocha ziliwahi kuibwa.

Turudi nyumbani. Mpango wetu wa kunusuru kaya maskini ulizinduliwa 2012, baada ya majaribio ya Bagamoyo, Chamwino na Kibaha. Majaribio hayo yalionyesha mambo madogo yenye maana kubwa: kaya zilizopewa zilikuwa na mbuzi na kuku zaidi, zilijiunga zaidi na bima ya afya ya jamii, na watoto wao walikuwa na viatu zaidi. Lakini ukilinganisha na Siaya unaona jambo ambalo wakosoaji wengi hawaligusi. Awamu ya kwanza ya mpango iliweka ukomo wa shilingi 38,000 kwa mwezi kwa kaya, hulipwa kila baada ya miezi miwili, na wengi walipata chini ya hapo, tena wenye watoto wakiwa na masharti ya kliniki na shule. Huwezi kumpa mtu pesa ya unga kisha ukashangaa kwamba hajafungua duka. Anayesema pesa za TASAF hazijamtoa mtu kwenye umaskini huenda anasema kweli, ila anashtaki wazo kwa kosa la kiasi. Na dirisha la malipo likichelewa, mlengwa anakuwa ameshakopa dukani, siku ya malipo pesa yote inaishia kwenye daftari la mwenye duka.

Wataalamu bado wanabishana, pesa itoke kidogo kidogo au kwa mkupuo. Katika utafiti mwingine wa Kenya, Siaya na Bomet, vijiji vingine vilipewa kwa mkupuo, vingine kila mwezi kwa miaka miwili, na vingine viliahidiwa malipo ya kila mwezi kwa miaka 12. Waliopata mkupuo walifungua biashara zaidi kuliko wale wa miaka miwili. Wa miaka 12, ambao nao walikuwa wanapokea kidogo kidogo, hawakubaki nyuma. Walichofanya ni kuingia kwenye upatu na kujitengenezea mkupuo wao. Kwa kuwa walijua ya mwezi ujao itakuja, waliweza kuahidi.

Hilo sikuhitaji kulisoma. Niliwahi kukaa siku ya malipo kijijini, meza mbili nje ya ofisi ya kijiji, foleni ya kina mama na vitambulisho vyao mkononi. Mmoja alipokea, akahesabu mara mbili, akalipa deni la sukari, akafunga kilichobaki kwenye pindo la kanga. Saa tisa nilimkuta chini ya mwembe na wenzake kumi na kitu, wamezunguka sanduku la chuma lenye kufuli tatu, kila ufunguo na mtu wake. Akatoa elfu tano. Nikamuuliza zamu yake lini, akasema Novemba. Na utanunua nini?

“Bati,” akasema, kama vile nimeuliza jua linachomoza wapi. “Nyasi kila mwaka unaezeka upya. Nimechoka.”