Tushushwe matopeni mpaka lini?

Leo asubuhi tulitoka Mbarara watu sita kwa baiskeli kuelekea Katunguru, magharibi mwa Uganda, kwenye njia ya Kasese, zaidi ya kilomita 100. Ni siku yetu ya tatu tangu Kampala, na mwezi wenyewe ni Oktoba, kwa hiyo hakuna aliyetegemea kufika mkavu. Mvua sina neno nayo. Nimekulia Busia, mvua tunaijua. Kinachonikaa kooni mpaka saa hizi, nguo zikiwa bado zinachuruza kwenye kamba, ni basi.

Kabla ya kufika Ishaka tulimkuta mzee akiteremka na mikungu mitano ya matoke: miwili kila upande na mmoja juu ya keria. Baiskeli yake ni ile nyeusi ya chuma, yenye breki za fimbo. Aliyewahi kuipanda anajua: rimu ya chuma ikilowa, unabana breki na baiskeli inakwenda tu. Mimi nina breki za diski, nikibana, nasimama. Yeye alikuwa ameshuka, ameegemea nyuma, anauzuia ule mzigo kwa mwili wake.

Basi likatujia kwa nyuma na honi moja ndefu. Mbele kulikuwa na lori linakuja, na dereva wa basi hakupunguza hata kidogo. Tukatoka barabarani sote. Pale lami imeinuka kuliko udongo kwa kiganja kizima, na maji yamechimba mfereji pembeni yake. Sisi tuliruka. Mzee hakuweza. Baiskeli ikalala mtaroni na mkungu mmoja ukapasuka.

"Pole sana, mzee."

Akanijibu kwa Kiswahili safi. Zamani alikuwa taniboi wa malori ya Mombasa. "Mwanangu, mvua ikinyesha huwa nashuka mwenyewe kabla hawajanishusha. Leo nimechelewa."

Maneno hayo yameniuma kuliko matope. Mtu mwenye mzigo wa karibu kilo mia ameshazoea kwamba yeye ndiye wa kuondoka, ili aliyekaa pakavu asikanyage breki. Tena ukingo ule haukuletwa na mvua. Kila barabara inapokarabatiwa, lami mpya inamwagwa juu ya ile ya zamani, barabara inapanda, na pembeni panaachwa palepale. Baada ya misimu miwili ya mvua, maji yanamaliza kazi. Uganda ina sera ya watembea kwa miguu na waendesha baiskeli tangu mwaka 2012. Nimepita Kampala mpaka hapa nikiitafuta pembeni ya lami. Kuna sehemu nzuri, nakubali, unapanda kwa raha kilomita kadhaa. Halafu panakatika ghafla na unarudishwa katikati ya malori. Tunachohitaji ni mita moja na nusu ya lami kila upande, ukingo uliosawazishwa, na mitaro inayozibuliwa kabla ya mvua. Basi.

Nina sababu ya kulia kwa sauti. Neno boda boda lilizaliwa mpakani kwetu, katika miaka ya 60, na lilizaliwa juu ya baiskeli: vijana wakivusha watu na mizigo kati ya kituo cha Uganda na cha Kenya. Baba yangu aliifanya kazi hiyo. Mama alimshonea mto wa sponji wa kufunga kwenye keria, na siku za mvua aliuvua akauficha ndani ya shati ili abiria asikalie maji, yeye mwenyewe akilowa. Karo yangu ya shule ilitoka kwenye mto ule. Leo jina limechukuliwa na pikipiki, na mwenye baiskeli hana jina wala nafasi.

Nitaambiwa kwamba wako wanaoendesha usiku bila taa. Ni kweli, na wanakosea. Nitaambiwa pia kwamba dereva alikuwa haoni vizuri kwa mvua. Asiyeona hupunguza mwendo.

Tulimsaidia mzee kufunga mzigo upya kwa mipira yake. Fidia ya mkungu aliikataa mara mbili, mara ya tatu akapokea. Mvua ilikatika tukiwa Kichwamba, na bonde lote likafunguka chini yetu, na maziwa yake, kijani mpaka mwisho wa macho. Siku nyingine ningeandika juu ya hilo tu. Tukashuka mpaka daraja la mfereji wa Kazinga tukiangalia pande zote, maana pale ni mbuga na tembo huvuka wanapotaka. Kwa tembo, mabasi yote yanasimama.

Kabla hatujaachana, mzee alikuwa ameniuliza ninapeleka nini Kasese. Nikamwambia sipeleki kitu, natembea tu nione nchi. Akaitazama keria yangu tupu, akatazama barabara, akasema, "Basi ukifika, waambie ulichoona."